Mrejesho: leseni ya baa Kayole

Wadau, niliuliza hapa kama naweza kupata leseni ya baa kwenye ploti iliyo karibu na nasari. Asanteni, hasa aliyesema nipime umbali kabla ya kulipa dipoziti. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto, na nasari imo. Nikaachana na nyumba ile, nikapata nyingine upande wa steji. Wakaguzi walikuja, wa afya alikagua choo kweli, akafungua kila bomba, akauliza cha wanawake kiko wapi. Leseni imetoka, nimeitundika juu ya kaunta. Kilichogoma ni saa: nilitaka kuuza tangu mchana, lakini siku za kazi ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku.