Yule mnene wa kofia nyeusi, leo ndo nimejua alichotufanyia

Wakuu sijalala. Saa nane usiku mikono inatetemeka, waifu kaniuliza nani kafariki nikamwambia mama, akaanza kutafuta kanga, kumbe namaanisha mama yake CJ, yule jamaa tunayemchezesha kwenye gemu la GTA San Andreas.

Mnene mwenyewe mnamjua, Big Smoke, rafiki wa CJ. Kofia, miwani, tumbo. San Andreas tumeicheza kibandani Mbagala, mia mbili nusu saa, nani alikuwa anafata stori? Unaingiza chiti, zile kodi za ujanja, za kwenye daftari, kifaru kinadondoka, mnakimbizana na polisi mpaka muda unaisha. Memori kadi hakuna, kila siku unaanza upya na baiskeli. Mi nikajua ni braza tu wa kitaa, mlafi kidogo.

Sasa nimeipakua kwenye simu nikasema ngoja nimalize misheni kiutu uzima. Geti la gereji likafunguka. Wakuu!! Gari ya kijani, ileile iliyopiga risasi nyumbani mama akafa, na nani yupo pale na yule askari mla rushwa? YEYE. Mtu aliyemkumbatia mfiwa, akampa pole mbele ya picha ya marehemu! Huyu angekuwa huku kwetu angekula pilau la arobaini na la kufungasha akaomba.

Na ile misheni ya kufukuza treni! Kakaa nyuma ya pikipiki anapiga risasi kama anamwagilia mchicha, misheni ikifeli lawama kwa dereva. Nimelaumiwa utoto mzima na msaliti.

Ila ile gereji jamani. Lile geti.

Kobe_Mzee: Gemu ya 2004, stori ya 1992, we unalia leo. Pole na msiba, tanga linaisha lini?

BintiKigamboni: Kwenye kuku pale wenzake wanarushiana risasi yeye anatafuna tu, we ukaona huyo ndugu?

Mla_Urojo: Na Ryder, yule rafiki yao mfupi wa miwani je?

Mleta uzi: Usinitajie huyo, gereji moja walikuwepo wote!!

FundiPedi: Hao afadhali, ni katuni. Mwenye kibanda chetu ndo sitamsamehe, nusu saa yake ilikuwa dakika kumi na nane, umeme ukikatika hela yako imeenda, ukiuliza anakwambia kamwambie mama ako. Tena mnamjua.

Kobe_Mzee: Afadhali yako. Kuna mshenzi mmoja kwenye gemu la mpira PES 6 kila siku Inter, kila mpira kwa straika wao Adriano, shuti toka nyumbani kwao.

Mla_Urojo: Adriano kwetu ilikuwa marufuku. Ukimchukua unapewa ile pedi ya kuchezea inayonasa.

Mleta uzi: Jamani turudi gerejini

BintiKigamboni: Pedi inayonasa tulikuwa tunampa mgeni 😂

FundiPedi: Na wale wa kumpanga beki Roberto Carlos namba tisa?

Kobe_Mzee: Hao wafunguliwe uzi wao.