Karela kwa mgonjwa wa sukari, inashusha kweli au tunadanganyana?

Mwana_Ujiji
Habari za jioni wakuu. Bi mkubwa ana sukari mwaka wa sita sasa, anameza metfomini na glibenklamaidi, kuna jirani hapa Ujiji kamletea karela, lile tunda la kijani chungu linalopikwa kama mboga, basi kila asubuhi anasaga kwenye brenda anakunywa kikombe kizima kabla hajala kitu. Jana saa nne namkuta kakaa mkekani jasho linamtoka, mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga kisahani, kumpima sukari 3.2! Nikampa maji ya sukari, robo saa hivi akatulia. Jirani anasema ndo dawa inafanya kazi hiyo. Nimuache aendelee?

mgebuka_mkavu
Inafanya kazi ndiyo, ila kwa mtindo huo itamuua. Mzee wangu alikuwa anatumia uwatu, anauloweka usiku, na chai yake hataki uguse.

dada_wa_famasi
Pole sana kaka. Karela ina kemikali inaitwa charantini na protini fulani inayofanya kazi kama insulini, uwatu nao ule ute wake unachelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwahiyo siyo uongo wa kijiweni. Hata hiyo metfomini ya mama asili yake ni mmea wa Ulaya unaitwa galega, ila dawa iliyokuwa ndani yake ilikuwa na sumu, mpaka wakapata ndugu yake aliye salama zaidi, na 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akaandika matokeo yake kwa wagonjwa. Sasa kidonge cha miligramu 500 ni 500 leo na kesho, karela nani kaipima? Na shida ya mama naona ni glibenklamaidi, ile inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hajala, halafu juu yake unaweka karela na tumbo tupu, hapo lazima ishuke. Asimamishe juisi, vidonge asiache kienyeji, mpeleke kliniki kesho na daftari la vipimo na wambie kuhusu karela, wazee wengi wanaificha. Ikishuka chini ya 4 tena fanya vilevile, ila akishindwa kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

mgebuka_mkavu
Na akipika karela kama mboga?

dada_wa_famasi
Kidogo na ugali, siku mojamoja, haina neno. Tatizo ni hicho kikombe.

Mwana_Ujiji
Asante dada. Nimemsomea yote, kanyamaza weee halafu ananiuliza, kwahiyo ule uchungu wote nimeumeza bure?