Mrejesho: mishale iliyokuwa ikienda kushoto

Wadau, niliuliza kwa nini mishale ya upinde wangu wenye nguvu ya kuvuta ya ratili 45 inakwenda kushoto, nami najiandaa kuwinda kulungu kwa binamu yangu Marekani. Ndugu aliyesema uti (mwili wa mshale) ni mgumu mno, haupindi vya kutosha, asante sana. (Navuta kwa mkono wa kulia, na kwa sisi uti mgumu hupeleka mshale kushoto.) Nimechukua uti laini zaidi na chembe (ncha ya chuma ya mshale) kizito, greni 200, yaani kama gramu 13. Jumamosi hapa Nairobi nilipiga mshale usio na manyoya, ili nione kama uti unafaa, hatua ishirini: ukazama kwenye gunia la shabaha umenyooka, karibu ugusane na wenye manyoya! Chembe cha kuwindia ni cha makali mawili, yasiyokunjuka. Nimekinoa hadi kinanyoa nywele za mkono. Sitaki mnyama ateseke. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, basi ni gunia tu hadi nisafiri.