Mgombea ubunge akifariki katikati ya kampeni, kwa nini jimbo zima lisubiri?

Kijana wa Ngarenaro: Wakuu naombeni kueleweshwa, hapa kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. 2015 Arusha Mjini mgombea wa ACT, marehemu Estomih Mallah, alifariki mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 25 tukapiga rais na diwani tu, ubunge ukasogezwa mpaka Desemba 13. Sasa kila mtu alijua mchuano ni Lema wa Chadema na yule wa CCM, si ACT wangeleta tu jina jingine fasta mambo yakaisha?

Babu Kijiwe: Mjukuu, sheria haiangalii nani ana nguvu. Mtu akishateuliwa halafu akafariki kabla ya kura, msimamizi wa uchaguzi anasimamisha ubunge wa jimbo hilo na tume ya uchaguzi inapanga tarehe nyingine, chama cha marehemu kinaleta mtu mpya, waliobaki uteuzi wao uko palepale hawachukui fomu upya. Arumeru Mashariki 2012 ilikuwa kitu kingine, pale alifariki mbunge, kila chama kikaanza moja.

Mama Wawili: Mwaka ule 2015 ulikuwa mzito jamani, wagombea ubunge wengine watano nao walifariki. Lushoto Mtoi wa Chadema ajali, Ulanga Mama Kombani, Handeni Dk. Kigoda, Ludewa Filikunjombe na helikopta, hao watatu wa CCM, Masasi Dk. Makaidi wa NLD. Mungu awarehemu wote

Mtata_255: Sheria sawa ila inambeba aliyeshika dola, tuseme ukweli. Unaenda kupiga kura Magufuli kashaapishwa tangu Novemba 5, Majaliwa kashathibitishwa uwaziri mkuu na Bunge ambalo wewe huna mtu mle ndani, unaambiwa chagueni wa chama cha rais mpate maendeleo. Hesabu mwenyewe, majimbo sita ya misiba CCM ilibeba matano.

Babu Kijiwe: Na la sita ni Arusha, Lema akapita vizuri tu na rais yuko Ikulu 😂 Ludewa na Handeni CCM ilikuwa nyumbani hata bila msiba, usisingizie kalenda.

Mtata_255: Haya babu, ila Lushoto na Masasi bado nina wasiwasi napo

Dada wa Takwimu: Mnasahau viti maalum vya wanawake bungeni. Vinagawanywa kwa kura za ubunge nchi nzima kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5, sasa majimbo 8 yalikuwa hayajapiga (mengine karatasi za kura zilikosewa) ndio maana NEC, tume ya uchaguzi, ikagawa 110 kwanza kati ya 113, tatu zikawekwa kiporo. Mwishoni CCM wakaongeza mbili, Chadema moja.

Kijana wa Ngarenaro: Duh hilo la viti maalum sikulijua kabisa. Kwa hiyo kuna akina mama watatu walikuwa wamekaa na mabegi wanasubiri watu wa Ludewa na Masasi wapige kura Desemba 20 ndio wajue kama wanapanda basi la Dodoma au wanarudi shambani 🤣

Mama Wawili: Na Krismasi inakaribia hiyo, presha tupu