Nina mkufu umekatika, hereni moja na makorokoro mengine ya dhahabu ya marehemu bibi, nisipigwe vipi kwa sonara?

MamaWawili_Mbagala
Habari za jioni wapendwa. Jamani naombeni mnisaidie mawazo, bibi yetu alipofariki mwaka juzi mimi nikaachiwa kikopo chake cha dhahabu, humo ndani kuna mkufu umekatika sehemu mbili, hereni moja mwenzie hayupo, bangili imepinda mpaka haiingii mkononi, na pete mbili ambazo moja imechubuka chubuka. Zimekaa kabatini zinakula vumbi na mimi January ada inanisubiri mlangoni, nikasema ngoja niuze. Jana nimepita duka moja Kariakoo, yule bwana akamwaga vyote kwenye mizani kwa mpigo, akaangalia sekunde mbili akasema "hii dada ni karati 9 na imevunjika vunjika, nakupa milioni moja na nusu kwa vyote kwa sababu ni wewe". Nikamwambia naenda kuongea na mume wangu (mume mwenyewe yuko Tunduma, hata hajui). Sasa naomba kujua, dhahabu ikivunjika bei inashuka kiasi hicho kweli? Na nitajuaje ni karati ngapi?

chapakazi88
usiuze dada, dhahabu inapanda kila siku, uza friji

MamaWawili_Mbagala
@chapakazi88 friji nikiuza samaki wangu wa biashara nitaweka wapi kaka 😂

Mzee_wa_Jiwe
Dada nimekaa kwa sonara miaka kumi na moja, nimefukuta moto na nimefagia vumbi (vumbi la sonara nalo linauzwa, hiyo hadithi ya siku nyingine), sasa nisikilize vizuri.

Kwanza, mtu akikwambia imevunjika kwa hiyo bei inashuka, huyo anakupima wewe wala sio dhahabu. Yeye anaenda kuiyeyusha, kwenye moto mkufu mzima na mkufu uliokatika ni kitu kimoja. Kilichokufa ni ufundi tu, ile hela bibi aliyolipa fundi ausuke, hiyo hairudi hata kama mkufu ungekuwa mpya wa juzi. Kwa hiyo wala usipoteze hela kuutengeneza ndo uuze. Hereni moja pia inauzika kama kawaida, mizani haiulizi mwenzio yuko wapi.

Pili, kwanini alivimwaga vyote pamoja? Hapo ndo pana mchezo. Kila kimoja kinaweza kuwa na karati yake, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu, 24 ndo dhahabu tupu, ukichanganya basi vyote vinalipwa bei ya kile cha chini kabisa. Chukua tochi ya simu na miwani ya kusomea angalia kwenye kufuli la mkufu na ndani ya pete, tafuta namba ndogo. 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 875 ni 21, 916 ni 22. Ukikuta 925 hiyo ni fedha hata ing'ae vipi, na ukiona herufi GP au HGE ujue imepakwa tu. Usipokuta namba yoyote usikate tamaa, vitu vya zamani vya mafundi wa pwani vingi havikugongwa muhuri na ni dhahabu ya kweli. Namba nayo usiiamini asilimia mia, mtu yeyote anaweza kugonga namba, mwisho wa siku ni kipimo.

Kipimo kiko cha aina mbili. Cha kizamani anasugua kwenye jiwe jeusi, inabaki alama, anadondoshea asidi, alama ikifutika karati ni ndogo, ikibaki ni kubwa. Cha kisasa ni ile mashine ya mionzi, unaweka pete ndani inakuandikia asilimia na haikwaruzi. Tafuta duka lenye mashine, ila mwambie apime sehemu zaidi ya moja maana mkufu uliowahi kuchomelewa, pale kwenye kiungo karati inasoma chini, na mjanja atakupimia hapo hapo.

Tatu hesabu, fanya mwenyewe nyumbani kabla hujatoka. Bei ya dunia ni kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1 sio 28 kama ya vitu vingine. Chukulia aunsi ni dola 4,000 na dola ni 2,500, gawa kwa 31.1 alafu zidisha, unapata kama 321,000 kwa gramu ya karati 24. Karati 21 zidisha mara 0.875 inakuja 281,000 hivi, karati 18 ni 241,000, karati 9 ni 120,000. Hutalipwa hiyo yote, sonara lazima ale na kuna kinachopotea akiyeyusha, ila ukiijua huwezi kuambiwa nusu yake ukashukuru.

binti_kibokoni
Mzee wa Jiwe Mungu akupe umri. Mie naongeza la mizani, dadangu hakikisha inasoma sifuri kabla hajaweka kitu na kikombe cha mizani kiwe kitupu, na usikubali achukue vitu vyako aende navyo nyuma ya pazia "kuosha". Mamangu hapa Mombasa alipigwa hivo hivo lakini yeye hata dukani hakuenda, alikuja kijana mlangoni na ndoo na brashi anasafisha dhahabu bure, bangili zikatoka zang'aa kama jua, mama akafurahi akampa na chai. Baada ya siku kadhaa akazipeleka kupimwa zimepungua uzito. Kumbe ile dawa yao yala dhahabu, ile iloyeyuka ibaki kwenye ndoo yeye aenda kuitoa huko kwake. Na chai akanywa!

Lengine, kama wewe ni Muislamu na wataka kubadilisha ya zamani kwa mpya, usifanye ile ya kumpa gramu kumi za zamani akupe nane za mpya hapo hapo. Dhahabu kwa dhahabu ni sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, ikizidi ni riba hata kama yako imevunjika. Uza kwanza, shika pesa zako mkononi, kisha nunua, waweza nunua kwa huyo huyo.

chapakazi88
sasa si ni kitu kile kile tu dada binti, hela inazunguka inarudi kwake

binti_kibokoni
Si kitu kile kile kakangu. Ukishika pesa waweza kutoka mlangoni. Ukimpa dhahabu akupe dhahabu hujui hata aliinunua yako kwa bei gani.

Mzee_wa_Jiwe
Hapo binti kaongea, na mimi sio Muislamu. Dukani kwetu faida kubwa ilikuwa kwenye kubadilishana, mteja anaangalia kipya kinavyong'aa anasahau kuuliza cha zamani kimehesabiwa shilingi ngapi.

Nipo_Muscat
Salaam kutoka Oman. Uangalie vizuri huo mkufu dada, kama bibi aliwahi kuwa na ndugu huku Ghuba basi inawezekana kabisa ni 21, huku 21 na 22 ndo za kawaida, karati 9 mtu hata haulizii. Huku madukani bei ya gramu ya kila karati inaandikwa kwenye kibao na inabadilika, muuzaji anakutajia gramu peke yake na ufundi peke yake, huko nyumbani unatajiwa jumla jumla tu basi. Na bangili ikiwa nene ila nyepesi, chunguza isije ikawa ina lakiri ndani, ule utomvu mgumu kama nta, zile za kihindi za zamani zilikuwa zinajazwa, ukipima na lakiri yake sonara akija kugundua anakuona wewe ndo tapeli.

shangazi_Temeke
Mwanangu mi naomba niulize la kizee. Hiyo ni ya bibi yako, umeongea na ndugu zako? Isije ikawa baada ya ada kuna kikao cha ukoo. Na kama shida ni ya mwezi mmoja miwili tafuta mtu mwaminifu uweke rehani, ila uandikishane gramu na karati kwenye karatasi na upige picha, sio kuachia tu kwa maneno. Na ukienda kuuza beba kitambulisho, mwenye duka la maana atakuuliza umeitoa wapi na ana haki.

MamaWawili_Mbagala
Shangazi asante, kikopo aliniachia mwenyewe mbele ya mama na mjomba, hilo halina shida. Ngoja nikatafute hizo namba.

...

MamaWawili_Mbagala
Nimerudi na mrejesho jamani, samahani nimechelewa, network na mambo ya samaki. Mkufu kwenye kufuli kuna 875!! Nipo Muscat kumbe uliona mbali, mama anasema bibi aliletewa na kaka yake aliyekuwa Oman zamani. Hereni 750. Pete moja 375, kumbe karati 9 ilikuwa ni hii peke yake. Pete iliyochubuka ni 925, yaani miaka yote tunagombania kuivaa kwenye harusi ni fedha 😭

Nikaenda maduka matatu, la kwanza sio lile la Kariakoo, mengine ni mtaa wa Indira Gandhi. Kila duka nilisema naulizia tu, nikataka kimoja kimoja kipimwe na nikaandika kwenye daftari la mtoto. La kwanza alinuna akasema kama unataka mambo ya daftari nenda benki. La tatu wana mashine, mkufu ukasoma 21 kweli, pale kwenye kiungo ukasoma chini kama Mzee alivyosema, nikamwambia geuza upande huu, akacheka akaniuliza dada wewe ni sonara? Mkufu gramu 11.3 kwa 250,000, hereni akatoa kijiwe ikabaki 1.9 kwa 210,000, pete gramu 3.2 kwa 100,000. Jumla 3,544,000 na bangili sijaiuza. Kumbukeni nilikuwa nimeambiwa milioni na nusu na bangili ikiwemo.

Mzee_wa_Jiwe
Safi sana. Amekula kidogo kwenye pete ila sio mbaya. Kijiwe cha hereni amekurudishia?

MamaWawili_Mbagala
...hajanirudishia. Ngoja nirudi kesho asubuhi.