Kambamiti wazazi wanataga ila vichanga vinakufa, nibadilishe chakula?

Mwana wa Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Nahusika na chakula cha kambamiti wazazi kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga. Majike wanataga, mayai yanaanguliwa, vichanga vinakufa mapema mno. Nataka niwape dagaa wakavu waliotwangwa, nichanganye na mawese. Uwiano gani unafaa? Usingizi sipati.

Gungu Juu: Pole. Mimi nilifuga kambale Kasulu. Dume lazima umpasue ndipo upate mbegu, nikampasua bora kuliko wote, na jike siku hiyo akagoma. Fuga kuku.

Kaskazi: Kabla ya uwiano, sasa hivi wanakula nini?

Mwana wa Ujiji: Chakula cha punje, kile cha kukuzia.

Kaskazi: Cha kamba wa kuuza? Basi anzia hapo. Kichanga kikianguliwa hakili kwanza, kinaishi kwa kiini alichokiweka mama. Mama akikosa mafuta ya viumbe vya baharini, kiini kinakuwa hafifu. Ndiyo maana wazazi hupewa ngisi, kome na minyoo ya baharini, hasa minyoo. Ila ipimwe kwanza, inaweza kubeba virusi vya madoa meupe.

Binti Unyanyembe: Na kumkata jike kikonyo cha jicho ili atage upesi, mnafanya? Kiumbe naye anaumia jamani.

Reli ya Kati: Ngoja kwanza. Ujiji? Kambamiti wa maji chumvi, Tanganyika maji baridi. Au mmemwaga chumvi ya Uvinza ziwani? Hii chai.

Mwana wa Ujiji: Si chai mkuu. Kituo kipo Mafia, cha shemeji yangu. Mimi nipo Kigoma, natafuta chakula. Na magunia ya dagaa nimeshanunua Kibirizi kwa hela yake, yapo kwenye treni. Dagaa ana protini, mawese yana vitamini E na ile rangi ya karoti ambayo mayai yanaihitaji. Kosa liko wapi?

Kaskazi: Kwenye rangi na vitamini uko sawa. Lakini mawese hayana mafuta yale ya ngisi, na dagaa wa kuanikwa juani mafuta yake huharibika. Mpigie shemeji leo, asiwape wazazi.

Reli ya Kati: Weka picha ya stakabadhi ya mzigo.

Mama Mawese: Dagaa wa Kigoma apewe kamba! Niuzie mie gunia moja.

Mwana wa Ujiji: Mama, njoo inbox. Kaskazi, nikiwapa dagaa kidogo tu na ngisi wengi, bado kuna shida?