Naomba ushauri: besi inavuma 43 Hz, inapotea 57 Hz

Wakuu, chumba ni mita 4 kwa 3, kuta za tofali, sakafu ya vigae. Sabufa (spika ya besi) ya inchi 10 iko kona, imekatwa 80 Hz (inapiga sauti za chini ya hapo tu). Kiti cha kusikilizia kimegusa ukuta wa nyuma, katikati ya upana.

Hesabu inakubali: kwa urefu wa chumba, 343 (kasi ya sauti, m/s) ÷ (2×4) ni 43 Hz, na kwenye ukuta wa nyuma ndipo inapojaa. Upana unatoa 57 Hz, ambayo katikati hufa. Kuipandisha hiyo 57 kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti) ni kuichosha amplifaya bure.

Nianze na lipi: kusogeza kiti sentimita 80 mbele, sabufa katikati ya ukuta wa mbele, au sabufa ya pili ukuta wa nyuma? (Trei za mayai za kubandika ukutani tusizitaje, besi haizijui.)